Mtelezo wa Watoto Una Mwenyewe?



Wengine wenu watacheka wakiona ukurasa huu, ambao kwa desturi ni wa mishahara na saa za kazi, leo umepewa mtelezo wa watoto. Chekeni, lakini someni. Tunasema juu ya kile chombo cha chuma ambacho watoto wetu hukiita slaidi: ngazi upande huu, bamba la kuteremkia upande ule, na nyuma yake mstari wa watoto wanaosukumana. Kimo katika viwanja vya mitaa ya Eastlands, katika nyua za shule za chekechea, na nyuma ya makanisa.

Sababu zetu ni mbili. Watoto wanaouchezea ni wetu. Mfanya kazi wa zamu ya asubuhi huko Eneo la Viwanda hutoka nyumbani watoto wangali wamelala, naye hawezi kujua saa kumi jioni mwanawe yuko juu ya chuma gani. Na mikono inayousimamisha mtelezo, inayouchomelea, inayoupaka rangi na inayofagia chini yake ni mikono yetu pia. Basi ukiharibika, huumia mtoto wa mfanya kazi, na hulaumiwa mfanya kazi mwingine.

Tuwaelezeni habari ya mmoja tuliokwenda kuutazama wenyewe. Mtaa hatuutaji, wala wakubwa waliohusika, kwa kuwa hatukukusudia kumshitaki mtu gazetini. Uliletwa kwa lori siku ya Ijumaa. Kesho yake mgeni alikuwa anakuja kukata utepe, kwa hiyo mafundi waliambiwa wamalize kabla ya jua kuchwa. Walichimba mashimo ya futi moja katika udongo ule mweusi wa kwetu, wakasimamisha nguzo, wakamimina zege, na bamba likafungwa zege likiwa bado bichi. Fundi aliomba mifuko miwili zaidi ya simiti na siku chache zaidi. Akaambiwa asilete maneno mengi. Jumamosi utepe ukakatwa, hotuba zikatolewa, picha zikapigwa. Rangi ilikuwa nzuri sana, nyekundu na manjano.

Kiangazi kilipokuja ardhi ilipasuka kuzunguka nguzo. Mvua zilipokuja udongo ulivimba, na mguu mmoja ukainuliwa. Pale bamba linapokutana na jukwaa pakafunguka ufa wa kupitisha kalamu, na chini kabisa ukingo wa bamba ukasimama kama kisu. Mama anayefagia uwanja ule aliuona. Alikwenda ofisini mara tatu kusema. Mara tatu aliambiwa, haya mama, tumesikia. Hakuna aliyeandika neno. Mara ya nne alikwenda kusema kwamba msichana wa miaka saba amechanika paja na kuvunjika kifundo cha mkono. Siku hiyo ndipo kalamu ikaonekana, na jina la kwanza lililoandikwa lilikuwa la fundi aliyechomelea, kibarua asiye na karatasi hata moja ya kumtetea. Mpaka leo hajaitwa tena kazini pale.

Twauliza: mtelezo ule ulikuwa wa nani? Aliyetoa fedha asema alikwisha kutoa. Ofisi yasema ilipokea zawadi tu. Mwenye karakana asema aliuza chuma, hakuuza matunzo. Kila mtu alikuwa mwenyewe siku ya utepe, na hakuna aliyekuwa mwenyewe siku ya damu. Sisi twasema kwamba mtelezo usio na mtu aliyetajwa kwa jina la cheo chake, mwenye saa za kuutazama, spana ya kuukaza na ruhusa ya kuufunga, usisimamishwe kabisa. Afadhali watoto wacheze mpira wa makaratasi.

Swali la wenyewe linatokana na historia ya viwanja vyetu. Kaloleni ilijengwa katika miaka ya 1940, nyumba zikizunguka viwanja vya majani. Mpango wa jiji wa 1948, uliotungwa kwa ajili ya mji mkuu wa koloni, ulitaka mitaa igawanywe katika vitongoji vyenye nafasi wazi. Waliopanga walikuwa na hesabu zao za kutawala, hatuwasifu. Lakini nafasi waliziacha. Dandora ya miaka ya 1970, ile ya viwanja 6,000 kwa fedha za Benki ya Dunia, ilipangwa ikiwa na nyua za pamoja, na Buruburu ikajengwa kwa makoti yake. Nafasi nyingi za jiji hili zimekwisha kuliwa. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa watu kinyume cha sheria, na mwezi wa Januari 2015, upande wa pili wa jiji, watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walipigwa gesi ya machozi walipotoka kudai uwanja wao. Kwa hiyo pale palipobaki uwanja wenye mtelezo ni pahali pa kushikwa kwa mikono miwili.

Kwa sheria, mwenyewe yupo. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeziweka bustani na mahali pa burudani katika kazi za serikali za kaunti. Huku Nairobi kazi za Halmashauri ya Jiji zilikuja kwa Kaunti mwaka 2013. Kisha kuanzia 2020 hadi 2022 baadhi ya kazi za Kaunti zilipelekwa kwa idara iliyoundwa na serikali kuu, halafu zikarudi. Ofisi zilihama, vibao vya milangoni vikabadilishwa. Lakini nati ya mtelezo haina habari na mambo hayo. Yenyewe huendelea kulegea.

Tena iko Sura ya 34 ya Sheria za Kenya, inayosema juu ya wajibu wa mwenye mahali kwa watu wanaoingia mahali pake. Sheria hiyo inamtaka mwenye mahali atazamie kwamba watoto hawatakuwa waangalifu kama watu wazima. Wanachama wetu walio mafundi na watunza viwanja yawapasa wayashike maneno hayo moyoni, kwa kuwa jibu la kwanza la kila ofisi ni kwamba mtoto alikuwa mtundu. Mtoto ni mtundu, ndiyo. Atapanda bamba kwa miguu kutoka chini, atateremka kwa kichwa, atamsukuma mwenzake. Sheria imekwisha kumhesabu hivyo, na anayesimamisha mtelezo naye amhesabu hivyo hivyo.

Sasa tuseme kazi yenyewe, maana wengi wenu ndio mtakaoitwa kuifanya.

Udongo ndio mwanzo wa mambo. Sehemu kubwa ya Eastlands imekaa juu ya udongo mweusi, ule unaonata kwenye gamboti wakati wa masika na kupasuka mwezi wa Februari mpaka unaweza kupoteza ufunguo ndani ya ufa. Udongo huu hunywa maji ukavimba, ukikauka hunywea. Nguzo iliyosimama juu juu hupandishwa na kushushwa kila mwaka, mvua za Machi hadi Mei, kisha zile za Oktoba hadi Desemba, na kila mguu huenda kwa mwendo wake. Chuma hakiwezi kuvumilia hayo; kitapasuka penye kiungo. Kwa hiyo chimba mpaka uupite udongo mweusi ufike kwenye ardhi ngumu. Ikiwa ni mwingi mno, ondoa wa kutosha, jaza marram kwa tabaka na kuishindilia kila tabaka, ndipo uweke zege lako. Toboa mfereji maji yasisimame hapo. Na kichwa cha zege kisionekane juu: kanuni za Ulaya zinataka kifukiwe sentimita 40 chini ya mahali watoto wanapokanyaga, au 20 ikiwa kimeviringwa kama mgongo wa kobe. Tumeona mahali ambapo zege limeachwa limechomoza kama jino, likingoja kichwa cha mtu.

Zege likaushwe juma zima kabla mtoto hajapanda. Ikiwa mgeni anakuja kesho, akate utepe wa kitu kingine.

Jambo la pili ni jua, na hapa vitabu vya ng'ambo vinaweza kutupoteza. Vya Uingereza hushauri mtelezo wa chuma uelekezwe kaskazini, kwa kuwa kwao jua hukaa upande wa kusini mwaka mzima. Nairobi iko karibu digrii moja na robo tu kusini ya ikweta. Kwetu katikati ya mwaka jua la mchana huwa upande wa kaskazini, Desemba huwa upande wa kusini, na karibu na Machi na Septemba hupita juu ya utosi. Hakuna upande wa kulikimbia. Dawa ni kivuli, mti au paa. Jambo moja tu la kuelekeza ndilo lenye faida: watoto wengi hucheza baada ya shule, jua likielekea magharibi, basi bamba lisitazame magharibi likawapa macho na joto pamoja. Anayetaka kujua kama bamba limekuwa moto aweke nyuma ya kiganja chake juu yake saa nane mchana, ahesabu mpaka tano. Akishindwa, mtoto wa kaptura atashindwa zaidi, na mtoto mdogo hukaa papo hapo akilia badala ya kutoka.

Mwinamo usikisiwe kwa jicho. Mwongozo wa Tume ya Marekani ya Usalama wa Bidhaa unasema mwinamo wa bamba kwa jumla usipite digrii 30. Fundi asiye na kipimo cha digrii afanye hivi: kwa kila mita moja ya kimo, bamba lisonge mbele mita moja na sentimita 73 zikipimwa chini ardhini. Mtelezo wa kimo cha mita 1.5 basi utasonga mita 2.6. Wanaotaka kuokoa bamba huusimamisha wima zaidi, mtoto akashuka kama gunia. Pande mbili za bamba ziwe na kuta zisizopungua sentimita 10, na mwisho bamba lilale sawa na ardhi kabla ya kukatika, ili mtoto apunguze mwendo akiwa angali amekaa. Kwa mtelezo uliozidi futi nne, mdomo huo uwe kati ya sentimita 18 na 38 juu ya ardhi. Ukiwa chini mno miguu hukwama; ukiwa juu mno huanguka kwa mkia.

Juu jukwaani pawe na vyuma vya kushika na kizuizi pande zote isipokuwa pa kupitia. Angalieni nafasi kati ya chuma na chuma. Nafasi iliyo kati ya sentimita 9 na 23 ni mtego: mwili wa mtoto hupita, kichwa hakipiti, naye hubaki akining'inia kwa shingo. Iwe ndogo kuliko hiyo au kubwa kuliko hiyo. Pia pale bamba linapoungana na jukwaa pasiwe na ufa hata kidogo, maana kamba ya kofia ya sweta au uzi wa ufunguo uliofungwa shingoni huingia humo, mwili ukaenda na shingo ikabaki. Katika nchi za wenzetu watoto wamekufa hivyo. Bolti zilizobaki ndefu zikatwe na kufunikwa. Viungo vya kuchomelea visagwe mpaka viwe laini. Fundi apitishe kitambaa cha nguo kuukuu juu ya chuma chote, na kikinaswa mahali, hapo bado kazi haijaisha.

Kisha ni pale pa kuangukia, ndipo penye jambo kubwa kuliko yote, kwa kuwa mtoto akianguka kutoka juu, ardhi ndiyo inayoamua. Zege hapana. Lami hapana. Udongo wetu mweusi wakati wa kiangazi ni kama sakafu, hapana. Majani yanafaa kwa kimo kidogo, lakini chini ya mtelezo majani hayaishi mwezi mmoja. Mchanga wa mto usio na udongo ndani yake unafaa: kanuni za Ulaya zinataka sentimita 20, na 10 zaidi kwa sababu ya unaotawanywa na miguu, kwa kuanguka kusikozidi mita mbili. Vipande vya mbao navyo hufaa, mradi visiwe vya mbao zilizotiwa dawa ya kuua wadudu. Wengine hupenda mpira wa magurudumu uliokatwakatwa. Huo nao ni mzuri, lakini mafundi wa akala watawaambia kwamba gurudumu la siku hizi limejaa nyaya za chuma, na waya mmoja uliosahaulika ni sindano. Mchanga nao una adui wake. Yeyote anayejenga ukuta karibu atauona na kusema hii ni zawadi ya Mungu. Kwa hiyo mchanga uwekwe ndani ya kingo, na majirani waambiwe ni wa nini. Jirani aliyeambiwa hulinda.

Kuzunguka mtelezo paachwe futi sita pande zote pasipo na jiwe, ukuta wala kamba ya kuanikia nguo, na mbele ya mdomo wake paachwe nafasi iliyo sawa na kimo chake ikiwa kimo kimezidi futi sita. Tumeona ulioelekezwa moja kwa moja penye njia ya pikipiki. Hatuna la kuongeza juu ya huo.

Hayo ndiyo ya kusimamisha, nayo hufanywa mara moja. Kutunza hufanywa kila siku, na hapa ndipo sisi wafanya kazi tunapopunjwa, kwa sababu kusimamisha kuna fungu la fedha na mgeni rasmi, kutunza hakuna hata spana.

Anayeujua mtelezo kuliko mhandisi yeyote ni yule anayefagia uwanja. Yeye hupita kila asubuhi. Akipewa dakika kumi na daftari la shilingi chache anaweza kuona chupa iliyovunjika mchangani, bolti iliyotoka, kamba iliyofungwa jana na watoto kwenye ngazi, mchanga uliochimbika shimo pale miguu inapotua. Shimo hilo alijaze kwa reki siku hiyo hiyo. Kila mwezi mmoja au miwili aje fundi na spana, akaze kila nati, atikise kila nguzo, agonge kwa nyundo pale nguzo inapoingia ardhini, maana kutu huanzia hapo chini ya rangi nzuri. Mlio ukiwa mzito wa kitu kilichooza, mtelezo ufungwe. Na mara moja kwa mwaka utazamwe wote kutoka msingi hadi juu na mtu ambaye si yule aliyeusimamisha. Kwetu twasema mara mbili: baada ya masika, na baada ya vuli, kwa sababu ya udongo ule tuliousema.

Haya hatukuyatunga sisi. Kanuni ya Ulaya, EN 1176, sehemu yake ya saba, imeyagawa matazamio hivyo hivyo: ya kila mara kwa macho, ya kila mwezi mmoja hadi mitatu kwa mikono, na ya mwaka. Wala kazi ya kutembea na daftari si ya kudharauliwa na wana wa chama. Tom Mboya, kabla nchi nzima haijamjua, alikuwa mkaguzi wa afya wa Halmashauri ya Jiji la Nairobi mapema miaka ya 1950, na kutoka kazi hiyo akajenga chama cha wafanya kazi wa serikali za mitaa.

Bolti za mtelezo huibwa, kila mtu anajua zinakokwenda. Mwezi wa Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kwa sababu ya nyaya na milingoti ya umeme iliyokuwa ikiharibiwa, ikaifungua tena baada ya miezi michache. Mtelezo hauna wa kuupigia marufuku. Fundi afunge nati kwa namna ambayo haifunguliwi kwa spana ya kawaida, au aitie nukta ya moto baada ya kukaza. Lakini hapo pia ana shida: akiichomelea nati kabisa, siku ya kubadilisha bamba atahitaji kukata. Sisi twaona heri kukata kuliko kukuta tundu.

Rangi ya zamani isikwanguliwe kavu kavu. Rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake humdhuru fundi anayelivuta na mtoto anayelamba vidole. Iloweshwe kwanza, mabaki yakusanywe juu ya karatasi ya plastiki, na fundi apewe kinga ya pua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanya kazi vyombo vya kujikinga. Kibarua wa siku mbili naye ana mapafu.

Jambo moja lawahusu wazazi, nasi hatutalificha kwa kuwa ni letu. Akina baba na akina mama wengi wakiona mtoto mdogo anaogopa humpakata wakateremka naye. Wanafanya kwa mapenzi. Lakini kiatu cha mtoto kikigusa ukuta wa bamba hukwama, na uzito wa mtu mzima unaendelea kwenda, na mfupa wa muundi hukatika. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walieleza mwaka 2017 kwamba kati ya 2002 na 2015 watoto zaidi ya 350,000 wa chini ya miaka sita waliumia kwenye mitelezo katika nchi ile, na zaidi ya theluthi moja ya majeraha yalikuwa ya kuvunjika mfupa, mara nyingi wa mguu chini ya goti.  Mtoto asiyeweza kuteremka peke yake angoje akue, au atafutiwe mtelezo mfupi ambao mama anaweza kusimama kando na kumshika mkono.

Sasa madai yetu. Tunataka kila ofisi inayopokea mtelezo, iwe ya serikali, ya shule au ya dini, iandike siku ile ile ni mfanya kazi wa cheo gani atakayeutunza, na kwa saa ngapi za juma. Saa hizo ziwe ndani ya kazi yake, zilipwe. Zisiwe za kuongezwa juu ya mzigo wake kwa maneno ya wewe si unapita hapo. Tunataka anayetoa zawadi atoe pamoja na bamba fungu la kulitunza kwa miaka mitano, au aseme mbele ya watu ni nani atakayelitoa. Ikiwa fedha hazitoshi vyote viwili, anunue mtelezo mfupi. Tunataka fundi apewe karatasi inayosema aliagizwa nini, mashimo ya kina gani, mifuko mingapi, na aliyekataa kumwongezea atie sahihi kwamba amekataa. Fundi yule wa Ijumaa angekuwa na karatasi hiyo leo angekuwa kazini.

Na zaidi ya yote tunataka anayefagia awe na ruhusa ya kuufunga. Mtelezo mbovu uliofungwa kwa utepe mwekundu hauvunji mkono wa mtu. Lakini mama yule wa uwanja ule angefunga kamba kuzunguka ngazi bila amri, angeulizwa yeye ni nani. Tumekwisha kuuliza wanachama kadha wenye kazi kama yake, na jibu ni moja: wanaona, wanaogopa. Chama kinasema hapa kwa maandishi kwamba mwanachama atakayeufunga mtelezo kwa sababu ya hatari aliyoiona na kuiandika, kisha akaadhibiwa kwa ajili hiyo, tutasimama naye mpaka mwisho wa shauri.

Kuna watakaosema fedha hazipo. Watazame Dandora. Huko tangu miaka ya 2010 vijana wamekuwa wakisafisha nyua zilizokuwa majalala, wakatoza wenye nyumba ada ndogo ya matunzo, wakapanda majani na kuweka vitu vya watoto kuchezea. Hawakuwa na mgeni rasmi wala fungu la fedha, ila kila uwanja ulikuwa na watu wanaojulikana. Hatusemi jambo hili ili Kaunti ikwepe mzigo wake, kodi tunalipa. Twasema tu kwamba kilichokosekana mahali pengi si fedha peke yake.

Mafundi wa jua kali wa Kamukunji na Kariobangi si wanachama wetu wote, lakini mitelezo mingi hutoka mikononi mwao. Tunawakaribisha waje tutazame vipimo hivi pamoja, tuvijaribu kwa chuma kinachopatikana hapa na kwa bei za hapa. Wao wanajua bamba gani hujikunja na lipi huvumilia. Sisi tunajua nani hulaumiwa.

Pamoja na toleo hili karani wa kila tawi amepelekewa kurasa tupu za daftari: tarehe, kilichoonekana, aliyeambiwa, kilichofanywa, sahihi. Mwanachama anayefanya kazi karibu na mtelezo wowote achukue kurasa zake, na aliye tayari kutembea siku ya Jumamosi kutazama mitelezo ya mtaa wake ajiandikishe kabla ya mwisho wa mwezi. Waje na nyundo, futi kamba na kitambaa kikuukuu. Mwenye spana ya namba 17 na ya 19 aje nazo pia, maana za ofisi zimeazimwa na hazijarudishwa.